Rangi za Kope na Alama ya Sungura



Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya mama wa Mombasa ambaye bintiye, inshaallah, ataolewa katika Mfungo Mosi. Aeleza kwamba binti amenunua kijisanduku cha rangi za kope, hicho ambacho vijana hukiita paleti, kwa shilingi 850. Juu ya kifuniko pana picha ya sungura, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwa hakuna mnyama aliyeteswa kwa ajili yake. Binti ashikilia kwamba kitu kisicho na dhulma ndani yake ndicho kimfaacho Muislamu. Mama naye ashikilia kwamba pambo la macho ni wanja, kwani ndio wenye asili katika sunna, na kwamba rangi hizi zazuia maji ya udhu. Yapata wiki mbili sasa hawasemezani vizuri, na arusi yakaribia. Watuuliza ni nani kati yao mwenye haki.

Wanavyuoni hutufundisha kwamba haifai kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Basi tulimtuma mtu dukani akatununulia kijisanduku cha namna ile ile, tukakijaribu kwa siku 10, sisi pamoja na wanawake wenzetu wanne. Jina la mwenye kukitengeneza hatulitaji, maana ukurasa huu si tangazo la biashara, na tena tunayo ya kulaumu. Wenzetu hao walikuwa msichana wa miaka 20, mama wa watoto watatu, jirani yetu ambaye macho yake ni mepesi kuwasha, na bibi wa miaka 70 aliyetangaza kwamba ameishi umri wake wote bila ya rangi ya kope wala hakukosa mume. (Bibi huyo alikubali kupakwa rangi ya shaba kwa ajili ya kutufurahisha tu, kisha akajitazama kiooni kwa muda mrefu kuliko sisi sote.)

Kijisanduku chenyewe ni chembamba, kadiri ya daftari dogo la chuoni. Ndani yake mna visahani 12 vya poda iliyoshindiliwa, kioo, na kijiti chenye sponji katika ncha zake mbili. Rangi saba ni tulivu: hudhurungi za namna tatu, rangi ya udongo, rangi ya pembe, waridi iliyofifia, na nyeusi. Tano zilizobaki zang'aa, nazo ni shaba, dhahabu, fedha, zambarau na nyekundu ya komamanga.

Kwa thamani yake, hatukuona ubaya mkubwa. Vijisanduku vingine vilivyokuwa kando yake dukani vilikuwa vya shilingi 3,000 na zaidi. Hudhurungi zote tatu zilikaa vizuri juu ya ngozi zetu, na shaba na dhahabu zilipendeza mno kwa wale walio weusi wa kukolea. Lakini rangi ya pembe na ile ya waridi zilitufanya kama watu waliotoka kusaga unga; bila shaka aliyezitengeneza alikuwa na ngozi za watu wengine katika fikira zake. Nyeusi humwagika mashavuni kama masizi, na afadhali mtu aipake kwanza, kisha ajifute uso, ndipo aendelee na mapambo mengine. Sponji haifai kitu. Kidole cha pete chafanya kazi bora kuliko sponji hiyo, nacho hakinunuliwi.

Jambo la pili ni joto. Rangi iliyopakwa asubuhi, ikifika alasiri ilikuwa imejikusanya katika mkunjo wa kope kama mstari wa uchafu. Mama wa watoto watatu, ambaye siku nzima yu jikoni, hakubaki na kitu hata kabla ya adhuhuri. Tulipojaribu kuifuta kope jasho na kuipaka poda kavu kidogo kabla ya rangi, ilidumu mpaka karibu na magharibi. Kwa bibi arusi ambaye hupambwa usiku na kukaa mbele ya wanawake wenzake saa tatu au nne, hiyo yatosha.

Jirani yetu mwenye macho mepesi aliweza kuvumilia rangi tulivu, lakini zile zing'aazo zilimwasha siku ya kwanza tu. Vipande vyembamba vya kung'aa viliingia jichoni, ikawa kazi ya kuosha kwa maji safi hadi usiku. Mwenye macho kama yake aziache. Na mtu yeyote asipake kitu kipya machoni kabla ya kukijaribu kwa siku nzima katika upande wa ndani wa mkono, pale penye kiwiko.

Ama udhu, ambao ndio hoja ya mama, tuliupima hivi. Tulipaka kila rangi juu ya kiganja cha mkono upande wa nje, tukamimina maji, tukatazama. Sharti ya udhu ni maji kuifikia ngozi. Rangi ya hina haizuii, kwa kuwa ni rangi tu iliyoingia katika ngozi wala haina mwili juu yake. Kitu chenye mwili, kama nta au rangi ya kucha, chazuia. Rangi tulivu za kijisanduku hiki zilitoka mara tulipozisugua kwa vidole na maji, nazo hazikuacha kitu. Zile zing'aazo zina mafuta ya kiwandani yaitwayo dimethicone, ambayo huifanya poda ishikamane, na maji yalisimama juu yake kama matone juu ya jani la mgomba. Hizo hazina budi kuondolewa kwanza kwa sabuni laini au mafuta ya nazi, na kope zioshwe. Kwa hiyo mama ana haki katika rangi tano, na binti ana haki katika saba. Aliye na udhu wake akapaka rangi baadaye, udhu wake haukuvunjika kwa kupaka. Hilo twaliulizwa na msichana wetu, na huenda wako wengine wenye shaka hiyo.

Na kuhusu mahali pa kujipamba na mbele ya nani, aya ya 31 ya Surat An-Nur imekwisha kueleza, na barua ya mama haikusema kwamba binti ataka kutoka nayo njiani.

Sasa tuje kwa sungura, maana ndiye aliyewagombanisha.

Mwaka 1933 iliuzwa huko Marekani dawa ya kutia rangi kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Wanawake kadhaa waliipaka wakaharibikiwa macho, wako waliopofuka, na mmoja akafa. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumzuia mwenye kuiuza. Misiba ya namna hiyo ilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1938, iliyoipa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi ile uwezo juu ya vipodozi. Mwaka 1944 mtaalamu wa Mamlaka hiyo, John Draize, pamoja na wenzake, wakatangaza njia ya kupima vitu hivyo kabla ya kumfikia mwanadamu. Sungura mweupe hubanwa asiweze kujikuna, akatiwa kitu kinachopimwa katika jicho moja, na la pili likaachwa ili lilinganishwe na lile. Kisha jicho hutazamwa siku baada ya siku: wekundu, uvimbe, vidonda, ukungu. Sungura huyo hakuwa na njia ya kujitetea ila kupepesa kope.

Twaitaja asili hii kwa sababu wako wenye kusema kwamba watu wale walikuwa makatili tu. Njia ile ilianza kwa kuyahofia macho ya wanawake, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Hata leo haijatuondokea sisi wa pwani. Dawa iliyokuwamo katika Lash Lure ni parafenilinidiamini, nayo ndiyo iliyomo katika poda nyingi za kutia nywele weusi, zile zile ambazo baadhi ya wapambaji wetu huzikoroga wakazichora mikononi mwa maarusi kwa jina la piko. Wako mabinti waliotoka malengelenge mahali pa maua yao, na alama zikabaki. Mama mwenye kuogopa rangi za kope na aiulize kwanza piko itakayopakwa mkononi mwa bintiye.

Lakini hofu ya kweli haihalalishi kila kitu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhadithia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Amekataza kumfanya mwenye roho kuwa shabaha, na amekataza kumchoma mnyama alama usoni. Ikiwa uso wa punda una heshima hiyo, jicho la sungura halikosi heshima. Mwenye kumdhuru mnyama ili apatikane dawa ya maradhi ana hoja ya dharura, na wanavyuoni wameizungumza. Ama kumdhuru ili iongezwe rangi ya kumi na tatu juu ya rangi kumi na mbili, dharura yake hatuioni. Katika hili tuko pamoja na binti.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa New York, Henry Spira, aliongoza kampeni iliyolipia tangazo la ukurasa mzima katika gazeti, kuiuliza kampuni ya Revlon juu ya sungura wake. Kampuni ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili zitafutwe njia nyingine. Umoja wa Ulaya ulikataza kuvijaribu vipodozi vilivyokamilika juu ya wanyama mwaka 2004, ukakataza kujaribu viungo vyake mwaka 2009, na mwaka 2013 ukafunga mlango wa kuuza vilivyojaribiwa hivyo hata vikitoka nje. India nayo ilikataza mwaka 2014. Leo ziko njia za kupima kwa ngozi ya jicho iliyooteshwa katika maabara kutokana na chembe za mwanadamu, na kwa macho ya ng'ombe waliokwisha chinjwa kwa ajili ya nyama.

Tena jambo hili laeleza kwa nini kitu cha shilingi 850 chaweza kuwa bila ya mateso. Poda za kope hufanywa kwa vitu vya zamani vinavyojulikana tabia zake: talki, ulanga, kutu ya chuma ya rangi nyekundu, ya manjano na nyeusi. Havihitaji kupimwa upya kila mwaka. Asiyetesa haongezi gharama, pengine aipunguza. Basi mtu asidhani kwamba huruma ni ya matajiri.

Hata hivyo, picha ya sungura si ushahidi. Mamlaka ile ile ya Marekani yasema kwamba maneno hayo ya kutotesa wanyama hayana maana iliyowekwa na sheria, na kwa hivyo kila mtu aweza kuyaandika kwa maana aitakayo yeye. Mmoja akusudia kwamba kitu kizima hakikujaribiwa, ingawa viungo vyake vilijaribiwa. Mwingine akusudia kwamba yeye mwenyewe hakujaribu, lakini alimlipa mtu mwingine. Na mpaka mwaka 2021 nchi ya China ilikuwa ikilazimisha vipodozi vya kawaida vitokavyo nje vijaribiwe juu ya wanyama kabla ya kuuzwa humo. Basi aliyekuwa akiuza huko kwa njia hiyo, na hapa akachora sungura, alikuwa akitufanyia mchezo. Viko vyama vinavyomkagua mtengenezaji kabla ya kumruhusu atumie alama yao. Kinachojulikana zaidi ni cha Leaping Bunny, kilichoanzishwa mwaka 1996 na muungano wa vyama vya kutetea wanyama vya Marekani na Kanada, na alama yake ni sungura anayeruka pamoja na nyota. Sungura wa kijisanduku chetu ameketi, wala hapana jina la chama chini yake. Huenda mwenye kumchora ni mkweli. Lakini shahidi wa nafsi yake mwenyewe hatosheki naye kadhi yeyote.

Nyuma ya kijisanduku pana maandishi madogo sana, ambayo ilitubidi kuyasoma kwa kioo cha kukuzia. Humo tulikuta mambo mawili ambayo binti hakuyaona, nasi hatumlaumu, kwa kuwa herufi zenyewe ni kama mayai ya chawa.

La kwanza ni namba CI 75470, katika zambarau na katika nyekundu ya komamanga. Hiyo ni rangi iitwayo carmine, na pengine huandikwa cochineal au E120. Hupatikana kwa mdudu mdogo aishiye juu ya mpungate, ambaye hufugwa zaidi nchini Peru, akaanikwa na kusagwa. Watu wa kazi hiyo hukadiria wadudu wapatao 70,000 kwa ratili moja ya rangi. Basi kijisanduku chenye kutangaza huruma kwa sungura kimejaa wadudu waliosagwa, wala hapana uongo, kwa sababu ahadi ilikuwa ya kutojaribu juu ya wanyama, haikuwa ya kutotia mnyama ndani. Hayo ni mambo mawili mbali mbali. Ama twahara yake, wanavyuoni wamekhitalifiana. Katika kauli mashuhuri ya Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani twamfuata, mdudu asiye na damu ya kuchuruzika akifa ni najisi, ingawa wako katika madhehebu hayo hayo waliosema vingine; kwa Hanafi na Maliki ni twahara. Mwenye kutaka salama aziache rangi hizo mbili, au asiswali nazo. Kwa zaidi ya hapo na amwendee shekhe wake.

Karibu na namba hiyo pameandikwa pia magnesium stearate, kitu kinachoishika poda isitawanyike. Hicho huweza kufanywa kwa mafuta ya mawese au kwa shahamu ya mnyama, na maandishi hayasemi ni mnyama gani wala amechinjwa vipi. Alama ya sungura haijibu hilo, na neno halali halimo popote katika kijisanduku.

La pili ndilo lililotuumiza zaidi. Kile kinachong'aa katika shaba na dhahabu na fedha ni ulanga, ambao katika maandishi huitwa mica, au namba CI 77019. Wazee wa Tanganyika waujua, maana zamani ulichimbwa katika milima ya Uluguru. Siku hizi sehemu kubwa ya ulanga wa vipodozi hutoka India, katika majimbo ya Jharkhand na Bihar, ambako migodi mingi haina kibali. Humo huingia watoto, kwa sababu mashimo ni membamba na mikono yao ni midogo, wakachukua vipande kwa vikapu. Mwaka 2016 waandishi wa shirika la habari la Reuters waliandika kwamba watoto saba walikufa katika migodi hiyo kwa muda wa miezi miwili, na kwamba jamaa zao walinyamazishwa kwa fedha. Mwaka 2017 baadhi ya makampuni yaliunda umoja wa kuusafisha uchimbaji huo, na kazi haijaisha.

Sisi ni watu wa kufundisha watoto. Kila asubuhi huja kwetu mikono ya kadiri ile ile, imeshika msahafu na kalamu. Haiwezekani tukisome kijisanduku chenye kusema kwamba hakuna aliyeteswa, kisha tusiulize juu ya mtoto. Hatusemi kwamba ulanga uliomo katika kijisanduku hiki umechimbwa na mtoto, hilo halikuandikwa. Twasema kwamba sungura aliyechorwa kifunikoni hawezi kutuambia, naye hakuulizwa. Mwenye kununua aweza kutafuta rangi tulivu zisizo na CI 77019, au zile zilizoandikwa synthetic fluorphlogopite, ambao ni ulanga uliofanywa kiwandani bila ya kuchimbwa. Tumeviona vijisanduku vya namna hiyo madukani, na bei yake haikuwa mbali sana na hii.

Yabaki hoja ya mama juu ya wanja. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alijitia wanja, na kwamba aliusifu ithmidi. Hapana Muislamu wa kulikanusha hilo. Lakini kilichosifiwa ni ithmidi, hakikusifiwa kila kitu cheusi kiuzwacho katika kijichupa kwa jina hilo. Mwingi katika wanja wa manga unaoletwa leo umefanywa kwa jiwe ambalo ni mchanganyiko wa risasi na kiberiti. Risasi huingia mwilini kidogo kidogo, na zaidi kwa mtoto, ambaye hujifuta macho kwa vidole kisha akavitia kinywani. Humdhoofisha damu, na huiharibu akili yake asiweze kufahamu masomo kama wenzake. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kadiri ya risasi ijulikanayo kuwa salama. Nasi twawatia wanja watoto wachanga siku ya arubaini, machoni na katika paji la uso, kisha miaka sita baadaye twawapeleka chuoni na kumwambia mwalimu kwamba mtoto huyu ni mzito.

Kijisanduku cha binti, pamoja na aibu zake zote, kimeandikwa kila kilichomo. Kijichupa cha wanja ambacho mama alituletea ndani ya bahasha yake, ili tukisifu, hakikuandikwa neno hata moja, si jina la aliyekifanya wala kilichomo. Wanja wa masizi ya taa ya samli, uliofanywa nyumbani kwa chombo safi kama walivyofanya nyanya zetu, hauna risasi hiyo, nao ni bora kwa mtu mzima kuliko wa chupa. Mtoto mchanga asitiwe wowote.

Kwa hiyo jibu letu kwa nyumba hiyo ya Mombasa ni hili. Binti na apambwe kwa rangi zake tulivu usiku wa arusi, aoshe kope zake kwa maji kabla ya kuswali, na zile tano zing'aazo aziache. Mama na amtie wanja wa masizi kwa mkono wake mwenyewe, kwani hilo ndilo alilolitamani tangu mwanzo, nasi twaona katika barua yake kwamba lilimuuma kutoombwa. Ile chupa isirudi ndani ya nyumba. Piko nayo ibadilishwe kwa hina ya majani, hata ikiwa maua hayatakuwa meusi kama ya jirani.

Nasi tumewaandikia wenye kutengeneza kijisanduku, kwa anwani iliyo nyuma yake, maswali matatu: ni chama gani kilichowakagua, stearate yao yatokana na nini, na ulanga wao umechimbwa wapi na nani. Yapata wiki tano sasa. Jibu halijafika; likifika tutalichapa katika ukurasa huu.